RNA fupi na sotoka ya mbuzi: tiba imefikia wapi?

Mfugaji wa Singe aliyeona mbuzi wakitoka kamasi, matongo machoni na vidonda mdomoni, wakiharisha na kufa mmoja baada ya mwingine, huuliza: mbona hakuna dawa? Sotoka ya mbuzi na kondoo, yaani PPR, iliyothibitishwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2008, husababishwa na kirusi. Sindano ya OTC haiui kirusi; husaidia tu dhidi ya bakteria wanaovamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika.

Kuna njia ya maabara tunayoona inafaa kuelezwa. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Huingia ndani ya seli ya mbuzi na kuiachia maagizo yaliyoandikwa kwa RNA, nayo seli hutengeneza protini za kirusi bila kujua, kama fundi aliyepewa vipimo vya mlango wa mwizi. Watafiti hutengeneza vipande vya RNA vyenye herufi takriban 21, vinavyooana na sehemu ya maagizo hayo. Seli huvitumia kuyatambua na kuyakata. Maagizo yakikatwa, protini haitengenezwi. Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani, walioeleza jambo hili kwa minyoo mwaka 1998, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya CIRAD, Ufaransa, walionyesha kuwa vipande vya namna hii hupunguza sana kuzaliana kwa kirusi cha PPR. Lakini hizo zilikuwa seli zilizokuzwa maabara. Mbuzi mzima ni habari nyingine: RNA huvunjika haraka kwenye damu, ni vigumu kuifikisha mapafuni na matumboni, na kirusi kikibadilika kidogo pale kilipolengwa kinaweza kuponyoka. Kwa hiyo akija mtu mnadani na chupa ya “dawa ya RNA” ya sotoka, usinunue.

Chanjo ipo. Dozi moja hulinda kwa angalau miaka mitatu, mradi itunzwe kwenye ubaridi hadi inapochomwa. Shida ni vitoto vinavyozaliwa baadaye: navyo vichanjwe vikifikisha miezi minne hivi, la sivyo zizi hubaki na pengo. Mbuzi wapya kutoka mnadani watengwe wiki tatu. Ukiona dalili, mpigie ofisa mifugo wa kata kabla hujauza wala kuhamisha hata mmoja.