Bajeti Yenye Urari

Kila Juni, Waziri wa Fedha anapomaliza kusoma hotuba yake Dodoma, mimi huziruka kurasa zote nikaenda kwenye jedwali la mfumo wa bajeti. Huku mapato, huku matumizi. Chini kabisa zimekaa jumla mbili, na jumla hizo hulingana. Ukirudi nyuma kurasa chache, hotuba hiyohiyo inataja nakisi ya bajeti kwa asilimia ya Pato la Taifa. Nakisi imetoka wapi, iwapo pande mbili ziko sawa? Jibu limo katika orodha ya mapato yenyewe: pamoja na kodi na ushuru, imo mikopo. Iondoe mikopo, na upande wa mapato utapaa kama sahani ya mizani iliyopokonywa sukari.

Hapo ndipo istilahi ambayo Waingereza huiita balanced budget inapoanza kumsumbua mfasiri. Neno lao asili yake ni mizani ya sahani mbili, tangu Kilatini, nao wamelipachika kila mahali: kwenye chakula, kwenye habari, kwenye hesabu. Sisi hatukuwafuata. Chakula tumekiita mlo kamili, na hakuna aliyelalamika kwamba mizani imepotea. Habari iliyosikiliza pande zote waandishi huiita yenye mizania. Lakini mizania kwa mhasibu ni karatasi inayoonyesha mali na madeni ya kampuni siku fulani, kwa hiyo ukimwambia "bajeti yenye mizania" atakuuliza karatasi iko wapi. "Bajeti ya usawa" inaipeleka akili kwenye haki za wanawake na wanaume, jambo jema ila si hili. "Bajeti yenye uwiano" ndiyo naikuta mara nyingi, na ndiyo inayonikera zaidi. Uwiano ni kitu kimoja kupimwa kwa kingine, kama walimu kwa wanafunzi. Bajeti inaweza kuwa na uwiano mzuri kabisa kati ya elimu na afya, huku imezama kwenye madeni hadi shingoni.

Mimi nachagua urari. Wachumi wanalo tayari katika urari wa malipo na urari wa biashara. Washairi nao wanalo: urari wa vina na mizani. Na washairi ndio wanaonishawishi zaidi. Mwalimu wa ushairi akisema shairi lina urari wa mizani hajasema kwamba ni zuri. Amehesabu tu: nane huku, nane huku. Shairi bovu laweza kuwa na urari usio na dosari. Tena mshairi aliyebanwa ana ruhusa zake. Neno likizidi, hulikata, tukaita inkisari. Likipungua, hulivuta, tukaita mazida. Naomba msomaji aziweke ruhusa hizo mbili akilini, maana serikali nazo huzitumia.

Mahali ambapo urari wa bajeti ni amri, wala si nia njema ya waziri, ni katika majimbo ya Marekani. Kwa msomaji wa Tanzania, jimbo ni pale mbunge anapochaguliwa. Kule ni serikali kamili yenye katiba, gavana, bunge, mahakama na kodi zake. Kati ya majimbo 50, huhesabiwa kuwa 49 yana sharti fulani la bajeti yenye urari, katika katiba au katika sheria. Linalobaki ni Vermont, nalo husawazisha bajeti yake bila kulazimishwa. Serikali kuu ya Washington haina sharti hilo. Mwaka 1995 pendekezo la kuliingiza kwenye katiba ya nchi lilianguka katika Seneti kwa upungufu wa kura moja, na mwaka 1997 likaanguka tena kwa kura moja.

Sharti hili lina mizizi kwenye mifereji. Mfereji wa Erie, uliokamilika mwaka 1825 huko New York, ulileta faida iliyowatia majirani wivu. Kila jimbo likataka mfereji wake, na reli, na benki. Indiana mwaka 1836 ilipitisha sheria ya kukopa dola milioni 10 kwa miradi ya namna hiyo. Mwaka uliofuata uchumi ukaporomoka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1840 majimbo 8, pamoja na Florida ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo, yalishindwa kulipa madeni yake. Mississippi ilikataa katakata kulipa sehemu ya deni lake. Huko Uingereza kasisi na mwandishi Sydney Smith, aliyekuwa na hatifungani za Pennsylvania, aliandika mwaka 1843 malalamiko makali kwa Bunge la Marekani. Aibu ile ilizaa katiba mpya. Katiba ya Indiana ya mwaka 1851 hairuhusu jimbo kukopa ila kuziba upungufu wa ghafla wa mapato, kulipa riba, kuzuia uvamizi au kuzima uasi. Masharti ya urari yaliota juu ya vizuizi vya namna hiyo vya madeni.

Sasa amri hiyo inasema nini hasa? Inategemea mizani inainuliwa lini. Kuna majimbo yanayomtaka gavana apeleke bungeni mapendekezo yenye urari, basi. Kuna yanayolitaka bunge lipitishe bajeti yenye urari. Na kuna yanayosema hata mwaka ukiisha, upungufu usivukishwe kwenda mwaka mpya. Haya ni masharti matatu tofauti, na Kiswahili kinatusaidia kuyatenga kuliko Kiingereza. Katika mawili ya kwanza kinachodaiwa ni tendo: bajeti isawazishwe, kwa makisio, siku inaposomwa au kupitishwa. Katika la tatu kinachodaiwa ni hali: hesabu za mwaka ziwe na urari zikifungwa. Anayeandika "bajeti iliyosawazishwa" na anayeandika "bajeti yenye urari" hawajasema jambo moja.

Illinois ni ushahidi. Katiba yake ya mwaka 1970 inataka matumizi yasizidi fedha zinazokisiwa kupatikana. Pamoja na hayo, baada ya gavana na bunge kuvutana miaka miwili bila bajeti kamili, mwishoni mwa 2017 bili ambazo jimbo lilikuwa halijazilipa zilipita dola bilioni 16. Wakenya hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Kaunti zao 47 ndizo ndugu wa karibu zaidi wa majimbo hayo katika kanda yetu: sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inakataza matumizi ya kawaida ya kaunti kuzidi mapato yake yote, na katiba inazuia kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Lakini bili za wanakandarasi zinasubiri. Bili inayosubiri haina mahali pa kukaa kwenye sahani yoyote, na deni ambalo halikuandikwa halivurugi urari wa karatasi.

Ndipo inkisari na mazida zinapoingia. California, ilipobanwa na msukosuko wa 2009, iliisogeza siku ya mshahara wa Juni 2010 kutoka tarehe 30 Juni kwenda tarehe 1 Julai. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama wetu, hivyo kwa usiku mmoja mwaka mzima ulikatwa mshahara wa mwezi. Hiyo ni inkisari. Arizona, Januari 2010, iliuza majengo yake ya serikali, yakiwemo yanamokaa mabaraza ya bunge lake, kwa dola milioni 735, kisha ikaendelea kukaa humohumo kama mpangaji. Pato la mwaka likarefuka. Hiyo ni mazida, na kodi ya pango ikaachiwa miaka iliyofuata.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya New Jersey, kwa sababu ilihusu neno moja tu. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1947 inasema sheria ya matumizi isipitishwe iwapo matumizi yatazidi mapato yaliyopo na yanayotarajiwa, kama gavana atakavyothibitisha. Mwaka 2004 Gavana James McGreevey alikuwa na pengo, akapanga kuliziba kwa kuuza hatifungani za karibu dola bilioni 2. Fedha za hatifungani akaziandika upande wa mapato. Jedwali likatulia, kama lile letu la Dodoma. Seneta wa jimbo, Leonard Lance, na wenzake wakaenda mahakamani na swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuliuliza: mkopo ni pato?

Mahakama ya Juu ya New Jersey ilijibu kwamba la. Fedha zilizokopwa ili kulipia matumizi ya kawaida si pato kwa maana ya katiba. Lakini hukumu ilitoka Julai, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza, na majaji wakaona kuivunja bajeti wakati huo ni kulitia jimbo zima vurugu. Wakaamua kanuni ianze kutumika kwa bajeti zitakazofuata. Mkopo ule ukapita. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokausha mapato, mahakama hiyohiyo ilimruhusu Gavana Phil Murphy kukopa hadi dola bilioni 9.9, kwa kuwa katiba ina mlango wa dharura.

Tangu niisome kesi hiyo siandiki tena "bajeti yenye urari" ikaishia hapo. Naongeza: bila kuhesabu mikopo, au: pamoja na mikopo. Ni maneno machache, na bila hayo istilahi haijakamilika.

Swali la nani ashike mizani lina majibu yanayopingana. Texas, tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 1942, mdhibiti wa fedha ndiye anayekisia mapato, na muswada wa matumizi hauendi kwa gavana mpaka yeye athibitishe kwamba fedha zitatosha. Mtu mmoja, saini moja. California ilijaribu kitu kinachofanana na hicho. Mwaka 2010 wapigakura waliamua kwamba wabunge wasipopitisha bajeti kufikia tarehe 15 Juni, wapoteze mshahara. Mwaka uliofuata wakaipitisha kwa wakati, lakini mdhibiti John Chiang akakagua hesabu, akasema hazina urari, akazuia malipo yao. Wabunge walishtaki na wakashinda: mahakama zilisema si kazi ya mdhibiti kuihukumu bajeti ya bunge.

Kasoro kubwa ya sharti hili huonekana uchumi unapoyumba. Mapato yanaporomoka wakati uleule wananchi wanapohitaji msaada zaidi, na jimbo lisiloweza kukopa kwa matumizi ya kawaida linapunguza walimu au linapandisha kodi. Ndiyo maana mwaka 2009 Washington, isiyo na sharti la urari, ilikopa na kuyagawia majimbo. Na ndiyo maana majimbo hujiwekea akiba. Ya Texas iliidhinishwa na wapigakura mwaka 1988, nayo hulishwa na kodi ya mafuta na gesi.

Wamarekani huiita akiba hiyo mfuko wa siku ya mvua. Nimeliona jina hilo likitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiswahili, nikacheka. Mkulima wa Dodoma au Kitui hawezi kuelewa kwa nini mtu ajiwekee akiba dhidi ya mvua, kitu anachokiombea msikitini na kanisani. Mimi huandika akiba ya kiangazi. Mhariri wangu hunirudishia "mfuko wa dharura", na bado hatujaafikiana.