Babu Tunamjua, Nyanya Je?

Kila familia hapa Pwani ina yule babu. Alishuka na jahazi kutoka Shirazi, ama Yemen, ama Omani, akaoa Malindi ama Mambrui, na ndio sisi hawa. Jina lake tunalijua mpaka la babake. Sasa uliza swali moja dogo: alimuoa nani? Kimya. Ati "mwanamke wa hapa." Aliyezaa ukoo mzima hana jina!

Na si sisi peke yetu. Marekani wamejaa watu wanaosema nyanya ya nyanya yao alikuwa Mcherokee, tena binti mfalme, na Wacherokee hata hawakuwa na wafalme wa hivyo. Lakini ukitaka uraia wa Taifa la Cherokee, hadithi haisaidii, na kipimo cha DNA pia hakisaidii. Lazima uonyeshe mzee wako kwenye orodha ya Dawes, iliyoanza kuandikwa na serikali ya Marekani 1898. Weusi waliokuwa watumwa wa Wacherokee waliwekwa kwenye orodha yao kando, na wajukuu wao wakapigania uraia mpaka mahakama ikawapa haki 2017.

Kwa hivyo anayeandika orodha ndiye anayeamua wewe ni nani. Shika hapo, turudi nyumbani.

Malindi ya miaka ya 1800 ilishiba kwa mtama na ufuta, na mashamba yalilimwa na watumwa. Wengi waliletwa kutoka kusini: Wayao, Wanyasa, Wamakua. Wengine walitoroka wakajenga vijiji vyao huko bara, kama Fuladoyo. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya 1907. Mwaka uliofuata, 1908, mkoloni akaleta sheria ya hati za ardhi: anayedai shamba ukanda wa pwani alete madai yake. Nani alikuwa na karatasi, mashahidi na ukoo unaojulikana? Yule babu. Mgiriama aliyelima kwa desturi ya mbari yake, na mtu aliyetoka utumwani juzi, wengi wao wakabaki maskwota. Ukisikia kesi za mashamba Kilifi leo, nyingi mizizi yake ni hapo.

Sasa unaelewa kwa nini watu walishikilia babu wa ng'ambo na kumficha nyanya. Nasaba ilikuwa mali, wazee. Kukiri kwamba nyanya yako alikuwa mtumwa ilikuwa ni kujipokonya heshima, na pengine shamba pia.

Halafu mifupa ikaongea. Machi 2023, Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake walitoa utafiti wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya Waswahili, waliozikwa kati ya 1250 na 1800 hivi. Baadhi walitoka makaburi ya Mtwapa, hapa hapa Kilifi. Chuo niliacha, lakini hiyo niliisoma mpaka mwisho. Babu wa Uajemi yupo kweli! Damu ilianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Lakini wengi wao, zaidi ya nusu ya damu yao ni ya Kiafrika, na upande wa mama karibu wote ni Waafrika. Wazee hawakudanganya. Walisimulia nusu.

Nusu ile nyingine ni kazi yetu. Anza na majina. Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake, kwa hivyo Karisa wa Charo wa Karisa ni ngazi tayari, unapanda tu. Uliza mbari. Uliza wamezikwa wapi. Halafu uliza upande wa kike, na usikubali "mwanamke wa hapa": hapa wapi? Alikuja na nani? Aliongea lugha gani? Kuna wimbo ama chakula alileta ambacho majirani hawana? Mzee akinyamaza, usimsukume, rudi siku nyingine na kahawa. Aibu aliyobeba hakuianzisha yeye.

Rekodi sauti kwa simu. Hawa wazee hawatungojei.

Mimi yule babu wa jahazi sina shida naye, akae. Ila kwenye mti wa ukoo wetu nimeandika juu yake, kwa kalamu nyekundu: "Nyanya, jina linatafutwa." Wako umeandika nini?