Kufumba na Kufumua Msimbo

Mkeka wa Rufiji huanza na ukindu: husukwa ukili mrefu, kisha kili hushonwa pamoja. Msukaji anayetaka kujua siri ya mkeka wa mwenzake hufumua mshono, akaufuata ukili pole pole mpaka aone mkono ulipita wapi. Kazi hiyohiyo ikifanywa kwa programu ya kompyuta, wengine huiita "uhandisi kinyume". Istilahi hiyo hainiridhishi, kwa sababu aliyesikia "kinyume" hudhani ni kubomoa. Kiswahili tayari kina mnyambuliko wa kutendua: funga, fungua, fuma, fumua. Basi tuseme ufumuaji.

Kinga yake naiita ufumbaji. Fumbo husemwa barazani, likasikika na wote, maana ikamfikia mlengwa peke yake. Mwandishi wa programu naye hulibadili jina "umri_wa_mama" likawa "a7", hupindisha njia za hesabu, hutia matawi yasiyofika popote. Mashine hutoa jibu lilelile; binadamu anayesoma ndiye anayepotea.

Lakini fumbo si kufuli. Kompyuta lazima iweze kutekeleza kila agizo, na kinachotekelezeka mwenye subira atakifuatilia. Mwaka 2001 Boaz Barak na wenzake walithibitisha kihisabati kwamba hakuna njia moja inayoweza kufumba kila programu kikamilifu. Ufumbaji hununua muda tu.

Suala hili la kufumba na kufumua linaigusa kata ya Mchukwi. Kata hiyo ilikuwa miongoni mwa kata sita za Rufiji ambamo, tangu 1998, wadadisi walizungukia kaya kila miezi minne wakiandika vizazi, vifo na uhamaji. Taarifa ziliingizwa kwenye HRS (Household Registration System), mfumo wa kusajili kaya uliozaliwa Navrongo, Ghana, juu ya FoxPro, programu ya hifadhidata. Na programu za FoxPro zilikuwa nyepesi kufumuliwa: majina ya vigezo yalibaki ndani yake, na zana iitwayo ReFox iliweza kuzirudisha karibu kama zilivyoandikwa.

Kwangu hapo ndipo tofauti kati ya fumbo na kufuli inapokuwa na uzito. Msimbo wa kuhesabu kaya hauna haja ya kufumbwa. Mwenye ujuzi aufumue, ajifunze, aurekebishe. Ila habari ya mama aliyefiwa na mtoto haiwezi kuachiwa fumbo. Hiyo inataka usimbaji fiche, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, na ufunguo huo usiwekwe ndani ya programu, maana anayefumua ataukuta.