Baada ya Dhiki, Faraja

Leo tuitazame methali ambayo sisi sote tumeisikia tangu utoto: "Baada ya dhiki, faraja." Twaisema matangani, twaisema hospitalini, hata katika kanga twaisoma. Lakini je, imetoka wapi, na maana yake hasa ni nini?

Maneno yake matatu, baada, dhiki na faraja, yote yana asili ya Kiarabu. Dhiki ni wembamba, mahali palipombana mtu asiweze kupita. Faraja ni mwanya unaofunguka. Basi methali yetu yatuonyesha mtu aliyebanwa katika njia nyembamba, kisha njia ikamfungukia.

Wazo hili ni la kale. Huko Iraki katika karne ya 10 aliishi kadhi mmoja, jina lake al-Tanukhi, ambaye aliwahi kuondolewa kazini na kunyang'anywa mali yake. Alikusanya habari nyingi za watu waliookolewa katika taabu, akakiita kitabu chake kwa Kiarabu "Faraja baada ya Shida". Wengine walikuwa wametunga vitabu vya jina hilo kabla yake. Alifariki mwaka 994.

Waingereza nao wana methali iliyo karibu na hii, isemayo kwamba lenye mwisho mwema ni jema lote. John Heywood aliiweka katika mkusanyo wake wa methali mwaka 1546, na baadaye Shakespeare akaifanya jina la mchezo wake. Lakini angalieni tofauti. Methali ile yahesabu safari nzima kuwa njema kwa sababu ya mwisho wake. Yetu haisemi hivyo. Yaiacha dhiki iitwe dhiki.

Tena haisemi faraja itakuja lini. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipokuwa akichunga pamoja na ndugu zake waliomuuza. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Kwake yeye, neno hilo fupi "baada" lilikuwa refu kama ujana wote. Na Ayubu je? Kondoo wake 7,000 wakawa 14,000. Akapata na watoto 10 wengine, lakini wale 10 wa kwanza hawakurudi. Faraja ilikuja kweli, na makaburi yakabaki.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tukienda kwa jirani aliyefiwa au aliyefutwa kazi, tusiitumie methali hii kumziba kinywa asilie. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku 7 walizokaa naye chini wakiwa kimya. Walikosea walipoanza kumweleza. Sisi nasi tukae kwanza na mwenzetu pale penye wembamba. Huenda ule mwanya anaoungojea ukaanzia mikononi mwetu, kwa debe la mahindi, au karo ya mtoto, au kuketi naye tu hata jua litue.

Mungu awabariki.