Siku za Mwisho Kabla ya Mbio

Alinijia hapa Wesha mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, anayeishi ng'ambo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alinieleza kwamba zimebaki siku kumi aingie kwa mara ya kwanza katika triathloni ndefu: kuogelea kilomita 3.8, kupanda baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, yote kwa siku moja. Kila alfajiri alikuwa baharini, na kila jioni akikimbia hadi Chake Chake na kurudi.

"Mwalimu, naogopa mwili usije ukasahau," aliniambia.

Mashindano hayo si ya kale. Yalianza tarehe 18 Februari 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, pale afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, na mkewe Judy, walipounganisha mashindano matatu ya kisiwani kuwa moja. Walioanza walikuwa wanaume 15, wakamaliza 12. Kila mmoja alitakiwa aje na wasaidizi wake wa kumchukulia maji na chakula. John Dunbar alishuka kwenye baiskeli akiwa mbele ya wenzake wote, lakini katika mbio za miguu wasaidizi wake wakaishiwa na maji, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Dunbar alimfuata baada ya zaidi ya nusu saa. Sisemi kwamba kiu peke yake ndiyo iliyomshinda, ila maji yale yangeweza kuhesabiwa jana yake, mtu akiwa amekaa kitako.

Hapa Wesha hatukuhitaji kwenda Hawaii kulijua hilo. Mwenye mashua hatii kalafati asubuhi ya safari. Kazi hiyo huifanya mapema, chombo kikiwa pwani. Siku ya mwisho hukagua kamba na tanga, hujaza maji ya kunywa, kisha hulala akingojea bahari ijae. Wataalamu wa michezo nao wanasema vivyo hivyo: nguvu hujengwa kwa wiki nyingi, na mazoezi mazito ya siku za mwisho huleta uchovu tu.

Mimi nililijua hili nikiwa nimechelewa. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwakimbiza vijana wangu kila jioni hadi mkesha wa mashindano ya shule, nikidhani ndiyo bidii. Siku ya siku, aliyekuwa hodari kuliko wote aliishiwa nguvu akakaa chini njiani. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na tangu hapo hakukimbia tena. Uvivu haukuwa wake, bali ujinga ulikuwa wangu, na sikupata kumwambia hivyo.

Hata hivyo, maandalizi mema hayazuii kila balaa. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliikimbilia Tanzania katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Alianguka, akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, na zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Neno kama hilo, naamini, mtu huenda nalo kutoka nyumbani. Njiani, goti likishaumia, hapatikani wa kumfundisha.

Nilimsimulia mgeni wangu yote haya, pamoja na la yule kijana. Alinyamaza, kisha akaniuliza jina lake. Nikamtajia.

"Yupo hapa hapa, Mwalimu," akasema. "Kwa nini usiende?"

Kesho yake hakukimbia. Alikaa barazani akikagua minyororo ya baiskeli na kuandika atakunywa nini na saa ngapi. Mimi nilivaa kanzu na kofia, nikatoka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.