Gari Limefika, Mlango Uko Juu

Alfajiri, Mwembe Tayari, Mombasa. Makanga anapiga bodi ya matatu kwa kiganja. "Mmoja bado, twende!" Kijana wa sare ya shule anamsogelea, magongo mawili kwapani. "Kaka, nisubiri kidogo." "Wahi basi, mdogo wangu." Ngazi ya gari inamfika karibu na goti. Anampa gongo moja abiria wa dirishani, anashika chuma cha mlango, anajivuta. Hajakaa, gari limeshaondoka.

Ngazi hiyo ina historia yake kisheria, nayo si fupi.

Hapo karibu, Barabara ya Jomo Kenyatta, kuna sanamu za askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamesimama wima, miguu kamili. Waliorudi kutoka vitani bila mguu au bila macho hawakuwekewa sanamu. Walirudi kwao wakawa mzigo wa jamaa, na kwa miaka mingi ndivyo serikali ilivyouona ulemavu: jambo la huruma na sadaka. Hata majina yalisema hivyo. Kilema, kipofu, kiziwi: maneno yenye ki- ya kiti na kikapu.

Pwani kazi ilitangulia sheria. Karakana za Bombolulu, ng'ambo ya kaskazini, zilianzishwa mwaka 1969, na watu wenye ulemavu wakawa wanatengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi kwa mshahara. Kenya ikautangaza 1980 kuwa mwaka wa walemavu. Lakini mwajiri aliyemfukuza mtu mlangoni kwa sababu ya mguu wake hakuwa na sheria mahususi ya kumshika.

Ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Ilikataza kubagua kazini, na ikakataza shule kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu peke yake. Hata hivyo iliongeza sharti: awe na uwezo wa kuyapata masomo hayo. Sharti hilo liliniuma nilipolisoma. Nani anayepima uwezo huo, kama si mwalimu yuleyule asiyemtaka?

Sheria ilianza kutumika Juni 2004, lakini si yote. Vifungu vya majengo ya umma na magari ya abiria viliwekwa kando hadi tarehe 1 Januari 2010. Wenye majengo walipewa miaka 5 kurekebisha, wenye magari miaka 2. Fikiria maana yake: haki ya darasa na haki ya kazi zilikuwepo, ila njia ya kuzifikia iliachwa nyuma miaka mitano na zaidi. Mwaka huohuo wa 2010 Katiba mpya, kifungu cha 54, ikautaja usafiri waziwazi: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote na usafiri wa umma.

Mei 2025 sheria ya 2003 ilifutwa, ikaletwa nyingine. Ile ya kwanza ilitaka Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi kuwatafutia watu hao asilimia 5 ya nafasi za kazi. Hii mpya inamwamuru mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi azitenge.

Ishirini. Nimezunguka Mwembe Tayari nikihesabu kwa macho. Duka la vitambaa: muuzaji na msaidizi. Fundi viatu: peke yake na mwanawe. Duka la dawa: watatu. Katika maduka hayo hakuna asilimia 5 ya kudaiwa. Lililobaki ni katazo la kubagua, na hilo linamhusu hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja.