Mpangilio wa mstari na wa duara (usanifu kwa kompyuta)

Mpangilio wa mstari na wa duara ni amri za programu za usanifu kwa kompyuta, kama SolidWorks na FreeCAD, zinazorudia umbo mama, mathalani tundu au jino la gia, kufuata uelekeo mmoja au kuzunguka mhimili. Wengi huzichukulia kuwa njia ya mkato ya kunakili. Mtazamo huo ni finyu, kwa kuwa nakala hubeba umbo tu, ilhali mpangilio hubeba pia kanuni iliyolizalisha. Flanji ya bomba yenye matundu 8 ya boliti huyatenganisha kwa nyuzi 45. Msanifu aliyechagua nafasi sawa akibadili idadi kuwa 12, programu huyapanga upya kwa nyuzi 30, na kipenyo cha tundu mama kikiongezwa, mengine yote hufuata. Kwenye mstari hesabu huteleza kwa urahisi: umbo mama nalo huhesabiwa, hivyo matundu 5 yaliyoenea milimita 200 yana nafasi 4 za milimita 50, si 5 za milimita 40.

Hoja ya kupinga ipo, nayo ina uzito: umbo mama likifutwa, mfululizo mzima huanguka, na mamia ya matundu huilemea kompyuta. Hata hivyo, utegemezi huohuo ndio unaoifanya flanji ibaki sahihi baada ya marekebisho, na katika SolidWorks tundu lisilohitajika huweza kurukwa bila kuvunja mpangilio. Pale ambapo nafasi hazina kanuni, mchoro wenye vipimo vya kila tundu unafaa zaidi.